Safari Yetu ya Kilwa



Wako waliotuuliza kwa nini mwezi wa saba wa mwaka 2025 nyumba yetu ilifungwa siku kumi na mbili, na ng'ombe wetu wakaachwa mikononi mwa kijana wa jirani. Twawajibu wote hapa, tusije tukajibu njiani kila siku. Tulikuwa Kilwa. Ndoa yetu ilitimiza miaka 25, nasi tulikwenda kuuona mji ule wa kale ulio kusini mwa nchi yetu, katika Mkoa wa Lindi. Tulikwenda watu wawili tu, pasipo mtoto wa kubeba wala mgonjwa wa kupeleka hospitali.

Jambo hili liliwatatiza jamaa zetu. Kwetu watu husafiri kwa msiba, kwa ugonjwa, kwa harusi, au kwa kumpeleka mtoto shule. Mume na mke kufunga mizigo yao na kwenda mbali kwa ajili ya kutazama tu, hilo halijazoeleka. Baba mkubwa alisema, "Chinjeni ng'ombe, watu wale, jina lenu litajwe vema." Wifi mmoja aliuliza kwa siri kama mmoja wetu ana ugonjwa anaouficha. Vijana walifanya utani tu: "Mwatoka Buswahili kwenda Uswahilini, kwani hamkutosheka na hapa?" Basi tuliwaalika jamaa kwa chai na maandazi, wakatuombea, wakatutakia heri, ndipo tukaondoka.

Sababu zetu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni nyepesi. Mmoja wetu amefundisha historia katika shule ya msingi zaidi ya miaka 20, na kila mwaka ameliandika jina la Kilwa ubaoni pamoja na Mombasa, Malindi na Sofala, naye hajawahi kuiona bahari kwa macho yake. Mtoto mmoja alipomwuliza, "Mwalimu, Kilwa iko bado?" alijibu kwamba iko, walakini jibu lile halikumtosha yeye mwenyewe.

Ya pili ni ngumu kidogo kuieleza, lakini twaisema kwa kuwa twajua imo katika nyumba nyingi. Kitinda mimba wetu alikwenda shule ya bweni mwezi wa kwanza. Jioni zilizofuata tuliketi mezani wawili, tukaona kwamba mazungumzo yetu ya miaka mingi yalikuwa ya ada, na mbegu, na dawa za mifugo, na nani aende msiba upi. Hayo yalipopungua, tulibaki tukisikiliza vyura. Hatukuwa na ugomvi wo wote. Tulikuwa tumekwisha maneno. Basi tukaazimu kwenda mahali ambapo hakuna ng'ombe wetu wala jirani zetu, tuone kama yatapatikana mengine.

Safari yenyewe si fupi. Kutoka Musoma hata Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,300. Tulipanda basi la abiria, tukapita Bunda na Mwanza, kisha Shinyanga na Singida, tukashuka Dodoma miguu imevimba. Toka Dodoma tulichukua reli mpya iendeshwayo kwa umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria wa njia hiyo mwaka 2024. Kwa muda wa saa nne hivi tulikuwa Dar es Salaam, nasi tulisikitika kidogo kufika upesi hivyo, maana viti vilikuwa vizuri na mmoja wetu alikuwa ameanza kusimulia habari za babu yake ambazo mwenziwe hakupata kuzisikia.

Asubuhi ya pili tulitoka Mbagala kuelekea kusini. Njia hupita Mkuranga na Kibiti katikati ya mikorosho na minazi, hata ufikie mto Rufiji. Hapo pana daraja refu liitwalo Daraja la Mkapa, karibu na kilomita moja, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla yake watu walivuka kwa pantoni, na mto ulipofurika walikaa kando siku nyingi wakingoja. Hata leo njia ya kusini haijashinda maji kabisa: mwezi wa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara pande za Somanga, watu wa Lindi na Mtwara wakawa kama wametengwa na nchi. Tulipopita hapo msafiri mmoja alituonyesha mahali penyewe kwa kidole. Baadaye tukafika njia panda ya Nangurukuru, tukageuka kushoto, na jua lilipokuwa likishuka tukawa Kilwa Masoko, mji mdogo ulio makao ya wilaya.

Na hapo tukaiona bahari. Twaomba mtusamehe tukikaa juu ya jambo hili, ninyi mliozaliwa pwani. Sisi tumekua kando ya Ziwa Viktoria, na ziwa letu hukaa mahali pake. Hupanda mwaka wa mvua nyingi na kushuka mwaka wa ukame, nasi tukiacha mtumbwi ufuoni jioni twaukuta pale pale asubuhi. Jioni ile ya kwanza tuliona mashua zikielea karibu na gati. Tulipoamka zilikuwa zimelala ubavu juu ya mchanga, na bahari imekwenda zake mbali, na wanawake wakitembea katika mabwawa madogo yaliyobaki, kila mmoja ana kijiti mkononi, wakitafuta pweza chini ya mawe. Tulisimama tukitazama mpaka chai ikapoa. Saa chache baadaye maji yalirudi yenyewe, pasipo upepo wala mvua. Tulikuwa tumesoma vitabuni habari za kupwa na kujaa, tena mmoja wetu amezifundisha; walakini kuziona ni jambo jingine.

Mji wa kale haupo Masoko. Uko ng'ambo, Kilwa Kisiwani, nao huonekana kutoka gati kama ukuta mweupe katikati ya miti. Mgeni hulipa kiingilio kwanza katika ofisi ya serikali, kisha hupewa mtu wa kumwongoza. Sisi tulipewa kijana mzaliwa wa kisiwani, mpole, mwenye kujua habari za mahali pake kama mtu ajuavyo shamba la baba yake. Tulivuka kwa mashua ya tanga. Mkondo si mpana, lakini mmoja wetu alishika ubao kwa mikono miwili tangu mwanzo hata mwisho.

Jengo la kwanza kulifikia ni Gereza. Wareno walipouteka mji mwaka 1505 walijenga ngome hapo, kisha wakaiacha mwaka 1512. Na Waarabu wa Omani waliijenga upya baada ya miaka mia tatu hivi. Kuta ni nene na mlango ni mzito. Upande mmoja umeangushwa na bahari.

Ukipita hapo ukaingia ndani kidogo, wauona Msikiti Mkuu, nasi tulinyamaza. Msingi wake ni wa karne ya 11, na sehemu iliyo kubwa iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, una matao yanayofuatana safu baada ya safu, na juu yake kuba. Baadhi ya kuba zimeanguka na mbingu yaonekana. Nyingine zimesimama hata leo. Kwa karne nyingi haukuwako msikiti mkubwa kuuzidi katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Mwalimu wetu, yaani yule mmoja wetu, alikwenda akaliwekea tao moja mkono wake, akakaa kimya kwa muda. Baadaye alisema, "Miaka yote nimewaambia watoto kwamba ulikuwa mji mkubwa. Sikujua nasema nini."

Si mbali uko msikiti mwingine mdogo wenye kuba, wa karne ya 15. Huo ni mzuri kuliko ule mkubwa kwa macho yetu, ingawa kijana wetu hakukubali. Katika dari yake mafundi walipachika bakuli zilizong'arishwa kwa rangi, zilizoletwa na vyombo kutoka ng'ambo, na baadhi ya mahali pake pa duara paonekana hata sasa. Watu walikuwa na bakuli za thamani, wakaziweka mahali ambapo hakuna atakayezilia chakula. Mmoja wetu alicheka akasema kwamba katika kabati letu ziko sahani sita za harusi ambazo nazo hazijaliwa chakula miaka 25.

Mwanzo wa mji husimuliwa hivi. Katika tarehe ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 yasemwa kwamba mtu mmoja aitwaye Ali bin Hassan alikuja kwa chombo kutoka Shirazi, nchi ya Uajemi, akakikuta kisiwa kina mwenyewe, mfalme wa bara. Akataka kukinunua. Mfalme akakubali kwa bei ya nguo: nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Ali akazitandaza, mfalme akazikusanya akaenda zake bara. Baadaye mfalme alitaka kurudi avuke wakati wa kupwa, maana siku zile mkondo ulikuwa ukikauka; lakini Ali alikuwa amekwisha uchimba ukawa na kina. Wazee wa Kisiwani huongeza kwamba mgeni yule alimwoa binti wa mwenye nchi. Hapo sisi tuliulizana kwa kuchekeshana: nguo zile zilikuwa bei ya kisiwa, au zilikuwa mahari? Kwetu mahari ni ng'ombe, nasi twajua vizuri idadi ya waliotoka mwaka 2000, kwa kuwa hukumbushwa katika kila kikao cha ukoo.

Wataalamu wa leo hawaipokei hadithi hiyo kama ilivyo. Wachimbuaji wamegundua kwamba watu walikaa kisiwani tangu karibu na mwaka 800, wakiishi katika nyumba za miti na udongo, kabla ya majengo ya mawe. Na mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale waliozikwa katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Ulionyesha kwamba wengi wao kwa upande wa baba walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, na kwa upande wa mama karibu wote walikuwa Waafrika, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Basi mji ule wa mawe ulitokana na ndoa. Tarehe imehifadhi jina la mume, ila majina ya wake hayakuandikwa.

Utajiri wake ulikuwa dhahabu. Dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka mbali, katika nyanda za Zimbabwe, ikashuka mpaka bandari ya Sofala, na Kilwa ilikuwa imeishika njia ya kutoka Sofala. Sisi tunaokaa karibu na machimbo ya Buhemba hatukuhitaji kuelezwa sana habari hiyo. Tumewaona wachimbaji wakirudi kutoka shimoni na vumbi lao, na tumeziona nyumba za wale walionunua kwao.

Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, nyingi za shaba. Upande mmoja liliandikwa jina la sultani na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya pande mbili yalipatana kwa vina kama ubeti wa shairi. Sarafu moja ya Kilwa ilichimbuliwa Zimbabwe Kuu. Na mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja aliyekuwa zamu katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, aliokota sarafu mchangani akazitunza; baada ya miaka mingi tano kati yake zilitambuliwa kuwa za Kilwa. Namna zilivyofika huko hakuna aliyeweza kueleza.

Sasa tuwapeleke Husuni Kubwa, maana huko ndiko tulikokaa zaidi. Si karibu na msikiti. Hutembea kwa miguu kando ya bahari, ukipita mibuyu na mashamba madogo ya wenyeji, hata ufikie mwinuko juu ya maji. Hapo Sultani Hassan bin Suleiman alijenga jumba lake katika karne ya 14: vyumba zaidi ya mia, nyua, madaka ya taa ukutani, ngazi za kushukia baharini, na birika la kuogea lenye pembe nane. Birika lingalipo. Tuliketi ukingoni mwake, miguu ikining'inia ndani, kama watoto. Inaonekana jumba lile halikumalizika kujengwa.

Msafiri wa Kimorocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyo. Aliusifu mji, akamsifu na bwana wake, aliyejulikana kwa ukarimu. Alisimulia kwamba siku moja ya Ijumaa sultani alipokuwa akitoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemeni alimzuia njiani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akavaa nyingine, akampa. Watu wakastaajabia unyenyekevu wake. Mwana wa sultani akaipokea nguo ile kwa maskini, akampa badala yake watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu kwa ajili ya sadaka ile, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe.

Kijana wetu aliisimulia vizuri, akamaliza kwa neno la pembe, akangoja tumsifu sultani.

Mmoja wetu alisema, "Huyu simsifu. Sadaka yake ililipwa kwa watu ishirini, wala hakuna aliyeuliza walikuwa watoto wa nani."

Mwenziwe akajibu, "Ukimpima kila mtu wa kale kwa mzani huo, utabaki na nani? Mimi ninao watoto darasani wanaodhani kwamba mtu mweusi hakujenga cho chote kabla ya Mzungu kuja. Nataka nikawaambie habari za kuba hizi, wala sitaki nianze na watumwa."

"Usianze nao, lakini usiwaache. Maana huko nyuma yetu, bara, ndiko walikokamatwa. Ibn Battuta mwenyewe asema sultani alikuwa akienda kupiga vita bara na kuleta mateka."

"Na Wakristo je?" Hapo sauti ilipanda kidogo. "Vasco da Gama alikuja hapa mwaka 1502, mizinga ikielekezwa mjini, akamtoza mfalme wa Kilwa dhahabu kwa vitisho. Dhahabu ile mfalme wa Ureno aliifanyiza chombo cha kuwekea Ekaristi, kikamalizika mwaka 1506, nacho kiko Lisbon mpaka leo, katika jumba la makumbusho, watu hukitazama na kukisifu. Hicho nacho tukisifu au tusikisifu?"

Yule wa kwanza hakujibu upesi. Alichukua kokoto akaitupa ndani ya birika. Kisha akasema kwamba mfua dhahabu hakuwa mtozaji, naye alifanya kazi njema kwa kitu kilichopatikana vibaya. Na mafundi wa kuba hizi labda ni vivyo hivyo. Mwenziwe akasema ndivyo anavyosema yeye tangu mwanzo. La, sivyo, akajibiwa. Wewe ulikuwa ukimtetea sultani, si fundi. Tukaendelea hivyo, mmoja akisimama, mwingine akimvuta aketi, hata yule kijana akasogea taratibu akaenda kukaa mbali kivulini, maana, kama alivyotukiri baadaye, alidhani ameona watu wakiachana.

Hatukuafikiana siku ile, wala hatujaafikiana hata sasa tunapoandika. Tulirudi kwa miguu tukibishana, tukala wali wa nazi na samaki kwa mama mmoja wa kisiwani tukibishana, tukavuka bahari jioni tukibishana, na safari hii hakuna aliyeshika ubao. Usiku saa nne mmoja wetu aliuliza katika giza, "Hivi na mke wa sultani, unadhani yeye alisema nini?" Tukaanza upya.

Siku mbili baadaye tulikwenda Kilwa Kivinje, na wasomaji wakienda Kilwa twawashauri wasiiache, ingawa wageni wengi huishia Kisiwani. Kisiwani ni magofu ya watu waliokufa zamani sana. Kivinje ni mji wa juzi, na maumivu yake yana majina. Kabla ya hapo, mwaka 1776, sultani wa Kilwa alitia sahihi mapatano na Mfaransa aitwaye Morice, kumpa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 biashara hiyo ilihamia Kivinje, ikazidi. Misafara ilishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa, siku nyingi kwa miguu, na waliofika hai walipakiwa majahazini kwenda Unguja. Sultani Barghash wa Unguja aliikataza biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na misafara ya nchi kavu mwaka 1876. Hata hivyo haikukoma siku moja.

Leo mji umetulia. Ziko nyumba za ghorofa za wafanyabiashara wa Kihindi, milango yao imechorwa maua, na mizizi ya miti imeingia katika kuta. Boma la Wadachi lasimama kando ya bahari, nalo limeanza kuoza. Wadachi waliweka nguzo ya ukumbusho kwa ajili ya wenzao wawili waliouawa hapo mwaka 1888. Na kuna mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Hapo palikuwa na mwembe, na Wadachi waliutumia kuwanyongea watu. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga kwa silaha, alinyongwa Kivinje mwaka 1895. Miaka kumi baadaye, mwezi wa saba 1905, vita vya Maji Maji vilianza katika vilima vya Wamatumbi, ambavyo havi mbali na hapo, kwa sababu ya watu kulazimishwa kulima pamba. Na mwembe ukatumika tena. Wataalamu hutofautiana katika hesabu ya waliokufa katika vita vile na katika njaa iliyofuata: wengine husema 75,000, wengine hufikia 300,000.

Mahali penyewe ni padogo. Tulisimama hapo kwa kitambo, na mara hii hatukubishana.

Jioni ile tulipita katika vichochoro tukitafuta mkeka wa ukindu wa kupeleka nyumbani, kwa kuwa wifi alikuwa ameagiza. Bibi mmoja mzee aliyekuwa akisuka barazani, chini ya mlango wa nakshi uliobaki nusu, alitukaribisha tuketi. "Karibuni, wanangu. Mwatoka wapi?"

"Twatoka Musoma, bibi. Mkoa wa Mara."

"Ndiko wapi huko?"

Tulimwambia ni mbali, kaskazini, kando ya ziwa kubwa.

Akafikiri. "Huko nako iko bahari?"

Mmoja wetu akasema, "Iko, bibi, kubwa, huoni ng'ambo." Mwenziwe wakati ule ule akasema, "Haiko, bibi, ni ziwa tu, maji yake hayana chumvi wala hayaendi po pote."

Bibi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaacha kusuka. "Mmeoana miaka mingapi?"

Tulipomwambia alicheka sana, akaenda ndani akatuletea kahawa, akataka kila mmoja aeleze kwa zamu yake kama ni bahari au si bahari. Tulimweleza mpaka adhana ya magharibi, na mkeka tulipewa kwa bei ndogo kuliko ile aliyoitaja kwanza.